Ukitaka kucheza vita, anza na wapagazi

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma gazetini, wiki hii naomba tuzungumzie mchezo. Si kandanda. Simba na Yanga tuwaache wapumzike. Nazungumzia vita vinavyopiganwa juu ya meza, kwa askari wa plastiki warefu kama kidole gumba, kwa dadu na kwa futi ya kupimia. Huko Ulaya na Marekani watu wazima, wenye ndevu zao na vitambi vyao, hukutana mwishoni mwa wiki wakapanga majeshi mezani na kupigana kutwa nzima bila mtu kutoka damu. Mimi nimeuanza mchezo huo hivi karibuni, nikiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, na nimeuanzia hapa hapa Kariakoo. Nitakueleza jinsi nilivyoanza, na jinsi mchezo wenyewe ulivyonifikisha mahali ambapo sikukusudia kwenda.

Chanzo ni mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu. Jumamosi moja nilikwenda kumtembelea dada yangu, Mtaa wa Sikukuu. Kijana akaniamkia, nikaitikia, na kabla sijakaa vizuri akamwaga mezani mfuko wa askari wa plastiki, arobaini wa kijani na arobaini wa kahawia. Alikuwa amewanunua kwa machinga Mtaa wa Kongo baada ya kuona katika simu watu wa nchi za mbali wakicheza vita hivyo.

"Mjomba," akasema, "wewe ndiye unayejua historia. Mimi Mwingereza, wewe Mjerumani. Tuanze wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki, na kila anayeanza jambo jipya huuliza hivyo hivyo. Lakini sisi waandishi wa habari tumefundishwa kwamba kabla ya kuuliza kitu kinafanyaje kazi, uliza kwanza kimetoka wapi. Basi nikamwomba anipe wiki moja nikasome. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mchezo huu haukuzaliwa kwa watoto. Mwaka 1812 mtu mmoja wa Prussia, dola iliyokuja kuwa kiini cha Ujerumani, jina lake Georg Leopold von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake meza yenye vipande vya milima, mito na vijiji, ambavyo viliweza kupangwa na kupanguliwa. Mwanawe, ofisa wa mizinga, akauendeleza mchezo huo na kuchapisha kanuni zake mwaka 1824. Yeye aliacha meza ya baba yake akatumia ramani. Vikosi vikawa vipande vidogo vya rangi mbili. Dadu ikatumika kuamua nani kapoteza askari wangapi. Kati ya wachezaji akawekwa mwamuzi, ambaye ndiye aliyejua kila kitu, nao wachezaji waliambiwa yale tu ambayo kamanda vitani angeweza kuyaona.

Mkuu wa makao makuu ya jeshi, Jenerali von Müffling, alipoonyeshwa mchezo huo aliupenda, ukasambazwa katika vikosi. Tangu hapo maofisa wa Prussia walilelewa nao. Prussia ilipoishinda Austria mwaka 1866, kisha Ufaransa katika vita vya 1870 na 1871, majeshi ya mataifa mengine nayo yakaona heri waige. Kwa hiyo mchezo huu ulikuwa shule ya vita kwanza, ndipo ukaja kuwa burudani.

Aliyeufanya burudani ya sebuleni ni mwandishi wa riwaya wa Uingereza, H. G. Wells. Mwaka 1913 alitoa kitabu kidogo, *Little Wars*, kinachoeleza namna ya kupigana kwa askari wa kuchezea na kijimzinga cha springi kinachorusha kijiti cha kweli kumwangusha askari wa risasi. Wells hakuwa mpenda vita. Katika kitabu hicho hicho alieleza kwamba mtu akishacheza vita vidogo mara chache atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo kazi ya ovyo. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 1914, vita vikubwa vikaanza.

Baada ya vita ya pili ya dunia mchezo ukapata wafuasi wengi zaidi. Mwaka 1957 Jack Scruby wa Marekani alianza kutoa jarida la wachezaji, na mwaka 1962 Mwingereza Donald Featherstone akatoa kitabu kilichowavuta wengi. Siku hizi yako makampuni yanayotengeneza askari wa kila zama na kila kimo, wa milimita 28, wa 15, hata wa 6, na wako watu wanaokesha wakipaka rangi vifungo vya koti la askari asiyezidi ukubwa wa punje ya karanga.

Sasa usidhani kwamba sisi tulikuwa tumelala. Nenda kwenye baraza yoyote ya Kariakoo au Ilala saa za jioni utakuta wazee wameliinamia bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji huanza na kete 22 za akiba mkononi. Huko nako kuna kushambulia, kuna kuilinda nyumba, kuna kula. Tena bao lina jambo moja ambalo sataranji haina: kete iliyoliwa haitupwi nje, bali inahamia upande wa aliyeila na kumtumikia yeye. Naomba ulikumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Wiki ya pili nilirudi Mtaa wa Sikukuu, tukaanza. Kwa faida ya msikilizaji ambaye naye ana kijana nyumbani, nitaeleza vifaa. Hakuna haja ya kuagiza kitu Ulaya. Askari tulikuwa nao, na asiye nao atumie vizibo vya soda, vya aina moja huku na vya aina nyingine kule, kama wachezaji wetu wa drafti wafanyavyo. Dadu mbili tulizitoa katika ludo ya watoto. Futi tuliazima kwa fundi cherehani aliye mlangoni. Kitenge cha kijani kilichochakaa tukakitandika mezani, tukasukuma vitabu chini yake, vikawa vilima. Vipande vya sponji vikawa msitu, na utepe wa buluu ukawa maji.

Kanuni tulizitunga fupi ziingie katika ukurasa mmoja wa daftari. Askari anatembea shibiri moja kwa zamu. Anaweza kumpiga adui aliye ndani ya shibiri mbili, na ili ampate dadu lazima itoe tano au sita. Aliyejificha msituni hapatikani ila kwa sita. Kikosi kikipoteza robo ya watu wake kinarusha dadu ya moyo, na ikitoka moja au mbili kinakimbia. Basi. Anayeanza na kanuni za kurasa mia hataanza kamwe, kama vile anayetaka kujifunza kupika hapewi pishi la harusi siku ya kwanza.

Vita tulivyochagua ni vya Tanga, Novemba 1914, kwa sababu ni vyetu. Waingereza walileta kutoka India jeshi la watu wapatao 8,000 chini ya Meja Jenerali Aitken. Mji ulilindwa na Wajerumani na askari wao Waafrika, wote kwa jumla kiasi cha 1,000, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ofisa aliyetoka katika jeshi lile lile lililowalea watu wake kwa mchezo wa ramani. Tukakubaliana kwamba askari mmoja wa plastiki ni watu 200. Kijana akapanga askari wake 40 wa kijani. Mimi nikapanga wangu watano wa kahawia.

"Mjomba, utakwisha!" akacheka.

Nikamwambia asubiri. Kabla ya vita nahodha wa manowari ya Kiingereza alikwenda kwanza pwani kuutaka mji usalimu amri, na kwa kufanya hivyo akawapa Wajerumani muda. Lettow-Vorbeck akawaleta askari wake kwa reli kutoka Moshi. Waingereza walishuka Ras Kasone wakiwa wamechoka kwa safari ndefu ya bahari, wakaingia katika mashamba na vichaka bila kujua mbele yao kuna nini. Haya yote tukayatia katika kanuni: jeshi la kijani lilianza likiwa na moyo mdogo, na halikuruhusiwa kutuma wapelelezi. Nyuki nao tukawatia, maana siku ile ya tarehe 4 mizinga ya nyuki ilivurugwa na risasi, nao wakatoka kuuma bila kuchagua bendera. Kila ilipotoka sita mbili kwa pamoja, kikosi kilichokuwa msituni kilirudi nyuma kwa mbio.

Tulicheza mara tatu. Sitakudanganya, nilishinda mara moja tu. Lakini mara hiyo moja ilitosha kumwonyesha kijana kwamba wingi peke yake hauleti ushindi. Vita vya kweli viliisha tarehe 5 Novemba, Waingereza wakarudi melini wakiwa wamepoteza watu zaidi ya 800, waliokufa na waliojeruhiwa, na wakaacha nyuma bunduki, bunduki za rashasha na shehena kubwa ya risasi. Kijana alifurahi sana. Mimi pia nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo. Mchezo una utamu wake.

Wiki ya tatu kijana akataka vita virefu zaidi. Nikachagua vya mwishoni mwa 1916 na mwanzo wa 1917. Kufikia wakati huo Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alikuwa ameongoza jeshi la Waingereza kutoka Kilimanjaro. Morogoro ilitwaliwa Agosti 1916, Dar es Salaam ikatwaliwa Septemba. Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kuelekea Mto Rufiji, na Waingereza wakamfuata kupitia Mto Mgeta. Tukasogeza meza nje barazani ili tupate nafasi. Kitenge kikaongezwa kingine. Askari 20 wa kijani wakasimama tayari kuondoka Morogoro, nao wa kahawia wakajificha ng'ambo ya mto.

Jirani na sisi walikuwapo wazee na bao lao. Mmoja alikuwa ameshapoteza mchezo, akageuza kiti akatutazama kwa muda mrefu. Mwisho akauliza, "Hawa wanakwenda wapi?"

"Rufiji, babu," kijana akajibu.

"Mbali huko. Wanakula nini?"

Kijana akanitazama. Mimi nikaitazama meza. Mzee akaendelea, "Mimi bao sianzi bila kete za akiba mkononi. Akiba ya hawa iko wapi? Nani anawabebea?"

Ndugu msikilizaji, nimefanya kazi ya redio miaka mingi. Nimesimama mbele ya kipaza sauti kila Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, nikataja majemadari na askari. Lakini swali la mzee yule lilinikuta mikono mitupu.

Tukaketi kupiga hesabu. Nchi ile ilikuwa na mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe ambao jeshi la Smuts lilikuja nao walikufa maelfu kwa maelfu. Barabara za magari hazikuwapo, na mvua iliponyesha hata njia ziligeuka matope. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mtu. Sasa chukua mpagazi mmoja, umtwike kilo 25 za unga. Naye ni mtu, lazima ale, tuseme kilo moja kwa siku. Kama jeshi liko mwendo wa siku kumi kutoka kituo cha reli, atakwenda siku kumi na kurudi siku kumi. Kilo 20 atazila mwenyewe njiani. Atakazozifikisha mbele ni kilo tano tu. Basi ukiwa na askari 1,000 wanaokula kilo moja moja, unahitaji wapagazi 200 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mmoja yuko njiani siku 20, unahitaji wapagazi 4,000 wasiokoma kutembea. Hapo hujahesabu risasi, dawa, mahema, wala machela za kubebea majeruhi. Na kama jeshi likisogea siku mbili mbele, mpagazi anafikisha kilo moja tu, na hesabu yote inaharibika.

Kijana aliandika tarakimu hizo katika daftari lake, akazihakiki kwa simu, kisha akasema, "Mjomba, kwa hiyo kila askari mmoja ana watu wanne nyuma yake, na hatukuwaweka?"

Hatukuwaweka. Na si sisi tu. Watu wengi wanaosimulia vita hivi hawawaweki. Nikamtuma jikoni kwa mama yake, akarudi na kikombe cha maharage. Tukahesabu maharage 80, manne kwa kila askari, tukayapanga mstari mrefu nyuma ya jeshi, ukatoka mezani ukaendelea kwenye sakafu ya baraza.

Sasa nikuulize wewe uliyezaliwa mjini: hivi unajua kwa nini mahali hapa panaitwa Kariakoo? Kabla ya vita Wajerumani walijenga hapa jengo la soko. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, jengo lile na viwanja vyake wakaviweka chini ya jeshi lao la wapagazi, ambalo kwa Kiingereza liliitwa Carrier Corps. Neno hilo la pili Waingereza hulitamka bila kutaja herufi zake za mwisho, nasi tukalipa irabu zetu, likawa Kariakoo. Soko likafunguliwa mwaka 1923. Jengo hili tunalolijua leo, lenye paa kama miamvuli, ni kazi ya msanifu wetu Beda Amuli na lilifunguliwa mwaka 1975. Moto uliliunguza Julai 2021. Majengo yamebadilika, jina limebaki. Nairobi nako liko soko lenye jina hilo hilo, nalo limetokana na wapagazi hao hao.

Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake uliwatumia wapagazi wanaofikia milioni moja katika vita vyote vya Afrika Mashariki, na kwamba waliokufa wanakaribia laki moja, kama hawakuzidi. Risasi iliwaua wachache. Waliouawa na kuhara, malaria, kichomi na njaa ndio wengi. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi, na sufuria na muda wa kuupika sawasawa havikutosha, matumbo yakaharibika. Watu wa milima ya baridi walipelekwa mabondeni kwenye mbu. Wengi hawakujiandikisha kwa hiari. Mwaka 1917, vita vilipozidi kwenda kusini, watu walikamatwa vijijini kwa maelfu.

Wajerumani nao hawakuwa na huruma zaidi. Meli yao ya kivita Königsberg ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, waliitoa mizinga yake mikubwa kumi, wakaizungusha nchini, na waliokuwa wakiivuta kwa kamba ni mamia ya watu wetu. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka na mifugo ya wanavijiji, na Ugogo kukafuata njaa kuu ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Na hapa ndipo ninapolirudia bao. Mpagazi aliyetekwa hakurudishwa kwao. Alitwikwa mzigo wa yule aliyemteka. Hata askari wengi wa Mjerumani walipotekwa waliandikishwa upande wa Mwingereza. Kete iliyoliwa ilimtumikia aliyeila.

Tukacheza. Kanuni mpya ilikuwa hii: askari asiye na maharage manne nyuma yake hasogei. Na kila zamu tulirusha dadu moja kwa kila kundi la maharage kumi. Ikitoka tano au sita, harage moja linaondoka. Mvua ikianza, hata nne inaliondoa. Hizi ni dadu zetu sisi, si takwimu za vita. Lakini kufikia zamu ya tisa, jeshi la kijani lilikuwa limepoteza askari mmoja tu kwa risasi, na maharage 80 yalikuwa yamebaki 51. Askari 12 ndio walioweza kusogea. Saba walisimama pale pale wakiwa wazima, wana bunduki zao, hawana cha kula. Kijana alikuwa hatazami tena askari. Alikuwa anatazama kikombe.

"Yale yaliyotoka tunayaita nini?" akauliza. "Yamekufa?"

Hapo ndipo ilinibidi nimweleze jambo la nyumbani kwetu, ambalo yeye alikuwa hajalisikia. Sisi asili yetu ni Uluguru, na Uluguru ukoo unakwenda kwa mama. Bibi yetu, mama wa mama yangu, alikuwa na mjomba ambaye hakuwahi kumwona. Alichukuliwa Waingereza walipokuwa wakikusanya wapagazi, kabla bibi hajazaliwa, na hakurudi. Bibi alipokuwa akimtaja alisema, "Mjomba alichukuliwa Kariakoo." Mimi nilipokuwa mtoto nililijua Kariakoo moja tu, la nyanya na vitenge, basi kwa miaka mingi niliamini kwamba mjomba yule alikuja sokoni akapotea katika msongamano wa watu. Nilipoletwa mjini mara ya kwanza niliushika mkono wa mama kwa nguvu nisije nami nikachukuliwa. Nilikuwa mtu mzima, tena mwenye stashahada, nilipokuja kuelewa maana ya maneno ya bibi. Hakuna barua iliyokuja. Hakuna kaburi. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuchukuliwa na jamaa zao, na sisi hatukupata hata habari kwamba kuna mshahara. Matanga yalikaliwa bila maiti, baada ya kungoja mvua kadhaa.

Januari 1917, katika njia hiyo hiyo ya Mgeta na Rufiji, aliuawa mwindaji mashuhuri Mwingereza, Frederick Selous, aliyekuwa kapteni. Alizikwa pale pale Beho Beho, kaburi lake linajulikana mpaka leo, na pori zima likapewa jina lake. Sehemu yake ndiyo iliyofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Simwonei wivu marehemu kaburi lake. Ninachosema ni kwamba mtu aliyembebea unga alipita njia ile ile.

Jumapili yake nilimchukua mpwa wangu tukatembea kwa miguu mpaka Mtaa wa Samora, kwenye Sanamu la Askari. Lilizinduliwa mwaka 1927. Juu amesimama askari mmoja na bunduki yake, singe imeelekea bandarini. Wengi tunapita pale na daladala bila kusoma. Lakini maandishi yake yanawataja wapagazi, na kusema kwamba wao walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi kwenye sanamu kama hilo mpagazi amesimama pamoja na askari. Hapa kwetu aliyesimama juu ni askari peke yake, na mpagazi tumemwachia jina la soko. Kijana aliyasoma maandishi yale mara mbili, kisha akauliza jina la mjomba wa bibi. Nikamwambia. Akalirudia ili asilisahau. Jina hilo halikuandikwa kwenye jiwe lolote, lakini sasa wanaolijua wameongezeka.

Vita vile viliendelea. Oktoba 1917 damu nyingi ilimwagika Mahiwa, karibu na Lindi. Novemba Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Alisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kusimamishwa Ulaya, akiwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100. Vitabu vingi vimemsifu kwamba hakushindwa. Labda. Lakini kila hatua aliyopiga yeye, na kila hatua waliyopiga waliomfukuza, kuna mtu aliyeibeba kichwani. Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa nyasi ziliumia, tena ndizo zilizotwikwa mizigo ya tembo wote wawili.

Je, baada ya hayo tumeacha mchezo? La hasha. Tunacheza kila Jumamosi, na wazee wa bao wamekuwa waamuzi wetu, wakali kuliko wa Prussia. Sioni kosa kijana kucheza vita. Afadhali avijue kwa dadu kuliko kuvijua kwa njia nyingine. Kosa ni kucheza vita ambavyo ndani yake hakuna anayekula, anayeugua wala anayebeba, kwa sababu aliyezoea vita vya namna hiyo anaweza siku moja kudhani kwamba na vile vya kweli viko hivyo. Basi wewe unayetaka kuanza, nunua askari wachache, azima futi, tunga kanuni za ukurasa mmoja. Lakini kabla ya kumpanga askari wa kwanza, nenda jikoni ukaombe kikombe cha maharage. Yahesabu, yaweke mezani, na yakiondoka yahesabu tena.

Jumamosi iliyopita, nilipokuwa nikitoka kwa dada, Mtaa wa Kongo ulikuwa umefurika kama kawaida yake. Nyuma yangu kuli mmoja alikuwa anakuja na robota la mitumba kichwani, shingo imekaza, jasho linamtoka, anapiga kelele, "Pisha mzigo! Pisha mzigo!" Siku nyingine ningesonya. Safari hii nilisogea ukutani, akapita.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane tena wiki ijayo.